Mgongo, Uso na Mikono Mingi: Kuitikiana kwa Wazazi na Watoto Wachanga katika Mwambao wa Ziwa Mweru, 1867–2018

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wazazi na watoto wachanga walivyoitikiana katika mwambao wa Ziwa Mweru, hasa eneo ambalo leo ni wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, tangu enzi ya misafara ya karne ya 19 hadi kufunguliwa kwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala mwaka 2018. Hoja kuu ni kwamba mtoto mchanga wa mwambao huu alilelewa mgongoni na mikononi mwa watu wengi. Utumwa, malale, safari za migodini na vita viliyaumiza malezi hayo kwa njia moja kubwa, nayo ni kupunguza mikono. Makala yanasoma upya maandishi ya wasafiri, wamisionari na wanaanthropolojia pamoja na tafiti za saikolojia zilizofanywa Kampala, Lusaka, Kisii na Ituri.

1.0 Utangulizi

Masimulizi yanayohalalisha utawala wa Mwata Kazembe katika bonde la Luapula yana kiini ambacho wanahistoria wa siasa hukipita haraka, nacho ni mama aliyeuliwa mwanawe. Nachituti, dada wa Nkuba mtawala wa Washila, aligundua kwamba kaka yake alimuua mwanawe na kuifanya ngozi yake tandiko la kukalia. Alikwenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Nkuba aliposhindwa, Nachituti alimkabidhi Kazembe nchi na maji kwa ishara ya kapu la udongo na chungu cha maji. David Gordon (2006) aliitumia zawadi hiyo kueleza historia ya umiliki wa ardhi na maeneo ya uvuvi, na alifanya hivyo kwa ustadi. Hata hivyo, kwa wasikilizaji wa mwambao huo hadithi haiumi kwa sababu ya ardhi. Inauma kwa sababu, katika jamii inayofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mlinzi wa kwanza wa mtoto wa dada yake. Mkono uliopaswa kumlea ndio uliomchuna ngozi.

Jambo hilo linafungua swali la makala haya. Iwapo jamii iliweka katikati ya kumbukumbu yake ya kisiasa mkono wa ukoo uliomsaliti mtoto, basi uhusiano wa mtoto na mikono hiyo ulikuwa jambo zito, hata kama haukuandikiwa vitabu. Watoto wachanga hawaachi nyaraka, na wazazi wao katika mwambao wa Mweru hawakuacha nyaraka nyingi pia. Kilichobaki ni maandishi ya watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine, kama vile njia za biashara, roho za kuokoa, kodi na vibarua wa migodi. Humo mtoto hupita kama kivuli: mstari mmoja kuhusu mama aliyebeba mzigo, aya moja kuhusu uji. Mbinu ya makala haya ni kuikusanya mistari hiyo na kuipima kwa maarifa ambayo sayansi ya malezi iliyapata baadaye.

Neno “kuitikiana” linatumika hapa kwa maana mahususi. Mtoto hutoa ishara: hulia, hugeuka, hukakamaa, hutulia, hutabasamu. Mzazi huisoma ishara hiyo na kuijibu. Naye mtoto huusoma mwili na sauti ya mzazi na kujipanga kwa kuvifuata. Neno hili lina faida juu ya “mfungamano”, ambalo limezoeleka katika saikolojia, kwa kuwa linaonyesha mwendo wa kwenda na kurudi. Mwenye kuitika ameitwa kwanza.

2.0 Njia ya maarifa: Kampala, Lusaka, Kisii, Ituri

Historia ya sayansi ya jambo hili ina uhusiano na kaskazini ya Zambia kuliko inavyotajwa kwa kawaida. Audrey Richards alifanya utafiti miongoni mwa Wabemba, mashariki ya Luapula, mwaka 1930–31 na tena 1933–34, akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu ardhi, kazi na lishe mwaka 1939. Mwaka 1950 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki huko Makerere. Mary Ainsworth, aliyefika Kampala na mumewe mwaka 1954, aliufanya utafiti wake chini ya kivuli cha taasisi hiyo. Aliwatembelea akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1967.

Mambo mawili aliyoyaona Buganda yanagusa moja kwa moja mwambao wa Mweru. La kwanza ni kwamba watoto waliotulia zaidi hawakuwa lazima wale waliolelewa na mama peke yake. Wingi wa walezi haukumdhuru mtoto. La pili ni kwamba akina mama walioweza kueleza kwa kina tabia ndogondogo za watoto wao (anapenda nini, analiaje akiwa na njaa, analiaje akiwa na usingizi) ndio mara nyingi waliokuwa na watoto wenye imani nao. Ainsworth alianza kuuona umakini kuwa kiini cha suala, naye aliuona kwanza kwenye mikeka ya Buganda kabla ya kuupima Marekani. Ni ajabu kidogo kwamba vitabu vingi vya saikolojia vinavyosomeshwa katika vyuo vya Afrika Mashariki huanza na maabara ya Baltimore na kuitaja Uganda kama utangulizi tu.

Miaka michache baadaye Zambia yenyewe iliingia katika habari hiyo. Mwaka 1976 T. Berry Brazelton, Barbara Koslowski na Edward Tronick walichapisha ulinganisho wa watoto kumi wa Lusaka na kumi wa Marekani, waliopimwa siku ya kwanza, ya tano na ya kumi baada ya kuzaliwa. Siku ya kwanza watoto wa Lusaka walikuwa dhaifu: wamekaukiwa maji, misuli imelegea, hawafuati kitu kwa macho. Mama zao walikuwa maskini na walikuwa wamekwisha kuzaa mara kadhaa. Kwa kipimo cha siku hiyo pekee, mpimaji angeandika habari ya watoto walioanza maisha kwa hasara. Siku ya kumi hali ilikuwa imegeuka, na katika vipimo vya kuwa macho na kuitika watu watoto wa Lusaka walikuwa wamewapita wenzao. Watafiti walilihusisha badiliko hilo na namna mama walivyowashika: kunyonyesha mara kwa mara, kuwanyanyua bila woga, kuwafunga mgongoni au ubavuni mapema. Mtoto aliyelegea alishikwa kama mtoto mwenye nguvu, akaitikia kwa kupata nguvu.

Watoto kumi ni wachache, na Lusaka si Nchelenge. Lakini utafiti huo unaonyesha jambo ambalo nyaraka za kale haziwezi kulionyesha: dhiki ya mwanzo haikuwa hukumu. Tronick ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa jaribio la uso usioitika, ambamo mama anayecheza na mwanawe ana kwa ana anaombwa kuuacha uso wake bila mwendo wowote kwa dakika chache. Mtoto hujaribu kumrudisha kwa tabasamu, sauti na mikono. Akishindwa, hugeuka na kuinama. Kutokana na kazi hiyo na zilizoifuata, Tronick na wenzake walionyesha jambo la kutia moyo zaidi. Hata mama na mtoto walio salama hulandana kwa karibu theluthi moja tu ya muda wao wa mchezo. Muda uliobaki hukosana, kisha hurudiana. Kiswahili kina methali ya wagombanao ndio wapatanao, na hapa methali hiyo inakaribia kuwa maelezo ya kisayansi, kwa kuwa mtoto hujifunza zaidi kutokana na kurekebishana.

Hata hivyo jaribio la uso limejengwa juu ya uso. Mtoto aliyewekwa kwenye kiti mbele ya mama yake ni mtoto aliyeteremshwa kutoka mgongoni. Robert LeVine na wenzake waliofanya kazi Kisii, Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994, waliwakuta akina mama ambao hawakupenda kumkazia mtoto macho wala kumchangamsha kwa michezo ya uso, lakini waliojibu kilio haraka sana na kuuweka mwili wa mtoto karibu na wao mchana na usiku. Lengo lao lilikuwa mtoto atulie, aishi, anenepe. Kwa kipimo cha uso walionekana kimya. Kwa kipimo cha ngozi walikuwa wakizungumza kutwa. Nao watafiti wa Waefe wa msitu wa Ituri (Tronick, Morelli na Winn, 1987) walikuta kwamba mtoto wa wiki 18 alitumia zaidi ya nusu ya muda wake mikononi mwa watu wasio mama yake. Tafiti hizi tatu, ya Lusaka, ya Kisii na ya Ituri, zinatoa kipimo kinachofaa kuipeleka Mweru: mgongo na mikono mingi.

3.0 Misafara na watumwa

Livingstone alifika Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, kisha akaenda kwa Kazembe, ambako alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi. Kiswahili kwa hiyo si mgeni wa jana katika mwambao huo. Kilikuja na vitambaa, shanga na bunduki, na kilikuja pia na minyororo. Wasafiri na wamisionari wa wakati huo waliandika habari za wanawake waliotembezwa wakiwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, na za watoto waliotupwa njiani nguvu za mama zilipokwisha. Maandishi hayo yalikuwa na shabaha ya kuwaamsha wasomaji wa Ulaya, na yapasa kusomwa kwa tahadhari. Picha yenyewe, mgongo unaogombewa na mtoto na pembe ya ndovu, haina sababu ya kutiliwa shaka.

Habari za Bwanikwa ni za thamani zaidi. Mwanamke huyu wa asili ya Kiluba alitiwa utumwani angali mtoto na kuuzwa tena na tena, hadi akafika karibu na misheni ya Johnston Falls kwenye mto Luapula, ambako hatimaye alijikomboa kwa malipo. Mmisionari Dugald Campbell aliyaandika maisha yake, na Marcia Wright (1993) ameyachambua kwa makini. Wright anaonyesha kwamba mwanamke mtumwa alikuwa mtu asiye na ndugu. Kwa msomaji wa historia ya malezi, maneno hayo yana uzito wa pekee. Katika ukoo wa mama, mwanamke anapojifungua huwa na mama yake, dada zake na kaka zake. Mtoto wake ni wa nyumba yao. Mtumwa alijifungua peke yake, na mwanawe alihesabiwa upande wa bwana. Baadhi ya wanaume walioana na watumwa kwa sababu hiyo hasa, wapate watoto wasiodaiwa na wajomba. Utumwa, basi, ulimnyima mtoto mchanga mikono kabla hajazaliwa.

Nyaraka za namna hii zinahesabu mauzo, si mabembelezo. Hakuna anayeweza kusema Bwanikwa alitulizwa namna gani alipolia. Kinachoweza kusemwa ni kwamba alipokuwa mtu mzima alijenga upya uhusiano mmoja baada ya mwingine, kwa ndoa, kwa kanisa, kwa kazi ya mikono yake. Hali hiyo hailingani na dhana kwamba mtu aliyevunjwa utotoni huwa amekwisha.

4.0 Malale na migodi

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia Mweru na Luapula. Mwelka Musambachime (1981) ameeleza athari zake za kijamii na kiuchumi kati ya 1906 na 1922. Utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini uliamuru watu waondoke kwenye kingo za mto na ziwa, ambako mbung'o walikuwa wengi, ukazuia uvuvi na matumizi ya mitumbwi. Watu walihamishiwa bara, mbali na maji, na wengi walirejea tu baada ya marufuku kuondolewa mwaka 1922. Wengine walivuka upande wa Kongo au walirudi ziwani kwa siri.

Watawala waliliona suala hili kwa jicho la mbung'o. Kwa jicho la kikapu cha jikoni, agizo hilo lilimwondolea mama kitoweo, yaani samaki, katika nchi ambamo chakula kikuu kilikuwa kikielekea kuwa muhogo, ambao una wanga mwingi na protini haba. Mama aliyekuwa akinyonyesha alilazimika kuanza mashamba mapya na kutafuta maji mapya huku amebeba. Hili ni hitimisho la kimantiki kuliko la kinyaraka, lakini ni gumu kulikwepa.

Baada ya marufuku ya malale ikaja enzi ya mishahara. Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji wafanyakazi na ilihitaji samaki wa kuwalisha. Wanaume wa Luapula walikwenda Élisabethville, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 wengi wakaenda Ukanda wa Shaba. Richards, akiandika kuhusu Wabemba, aliona vijiji visivyo na wanaume na akavihusisha na njaa, kwa kuwa ulezi ulihitaji wanaume wa kukata matawi. Henrietta Moore na Megan Vaughan (1994) waliirudia kazi hiyo na kuonyesha kwamba hofu ya kuvunjika kwa familia ilikuwa imekuzwa. Wanawake walibadili mazao, walipanga kazi upya, na ndoa zilichukua sura mpya bila kufa. Marekebisho hayo ni ya haki, ila yana hatari yake. Msomaji anaweza kutoka humo akiamini kwamba wanawake walijizatiti na hakukuwa na gharama. Gharama ilikuwapo. Bibi aliyewashika wajukuu ili binti yake alime ni marekebisho. Huyohuyo ni mwanamke mzee asiyepumzika.

Mwambao wa Mweru haukuwa sawa na nchi ya Wabemba. Muhogo hukaa ardhini hadi uhitajiwe, kwa hiyo miezi ya njaa kali aliyoieleza Richards haikujirudia hapa kwa namna ileile. Mzigo wa mwanamke wa ziwani ulikuwa katika kuroweka, kuanika na kutwanga, na wa mwanamume katika kambi za uvuvi zilizomweka mbali na nyumba kwa wiki nyingi. Uvuvi wenyewe ulibadilika. Samaki mkubwa aitwaye mpumbu, aliyepanda Luapula kwa makundi kutaga mayai, alikuwa ameadimika kufikia katikati ya karne ya 20, na katika miongo ya mwisho dagaa wadogo waitwao chisense ndio waliokuja kuzibeba nyumba nyingi. Chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi, na wanawake wana sehemu kubwa katika biashara yake. Mtoto wa mgongoni wa enzi ya chisense huamka alfajiri ufukoni, mama ameinama juu ya samaki, naye yuko juu ya mgongo ulioinama. Siku hizi uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, katikati ya mvua na wakati wa malaria. Fedha hupungua katika miezi ileile ambayo homa za watoto huongezeka, na baba mara nyingi huwa nyumbani. Miezi hiyo mitatu haijachunguzwa ipasavyo na wanahistoria wa familia.

Katanga ilileta jambo jingine. Kampuni ilipoanza kuwatuliza wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao, ilifungua zahanati za mama na mtoto na kugawa chakula cha watoto. Nancy Rose Hunt (1988) ameonyesha jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyoiangalia desturi ya kunyonyesha muda mrefu na kupisha uzazi, ukaitafsiri kuwa kikwazo cha idadi ya watu, na wanawake wa Kizungu wakaingilia kati kuwafundisha akina mama Waafrika kuachisha ziwa mapema. Ratiba ilichukua nafasi ya kilio. Watoto waliozaliwa katika kambi hizo walikua wakizungumza Kiswahili cha Katanga. Wengi wao walikuwa na zahanati, uji wa kampuni na baba mwenye mshahara. Kilichokosekana mara nyingi ni bibi, aliyebaki Luapula.

5.0 Mbereshi

London Missionary Society ilianzisha misheni ya Mbereshi mwaka 1900, kusini ya Nchelenge ya leo. Mabel Shaw alifika huko mwaka 1915 na kuendesha shule ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1940. Aliipanga shule kwa mfano wa familia, wasichana wakubwa wakiwatunza wadogo. Ni rahisi kumlaumu kwa ubaba wake wa kifalme, na waliomlaumu wana hoja. Ila yapasa kutambua kwamba aliiga kitu alichokikuta. Msichana wa miaka kumi anayebeba mtoto asiye wake ni sura ya kale kuliko misheni. Shaw aliitia ndani ya ua na kuipa ratiba ya sala.

6.0 Jina na mgongo

Kuna upande wa kuitikiana ambao maabara haiwezi kuugusa, nao unahusu mtoto ni nani anapozaliwa. Miongoni mwa Wabemba na jirani zao wa Luapula, mtoto hupewa jina la kitovu, ishina lya mutoto, ambalo ni la mhenga ambaye mupashi wake, yaani roho yake, anaaminiwa kurejea na kuwa pamoja na mtoto. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti katika bonde la Luapula kuanzia mwaka 1948 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1959, aliona pia kwamba mrithi wa jina huzungumzia matendo ya mtangulizi wake kwa nafsi ya kwanza: “mimi nilivuka mto,” husema mtu aliyezaliwa miaka mia moja baada ya mto kuvukwa.

Matokeo yake kwa mtoto mchanga ni makubwa. Kilio kisichoelezeka kinaweza kusomwa kuwa mhenga hajaridhika na jina alilopewa. Mlezi anayeamini hivyo hana sababu ya kumwona mtoto kuwa kitu kisicho na nia. Anamsikiliza kama mtu mwenye historia, anamwuliza, anabadili jina. LeVine alisema kwamba akina mama wa Kisii waliona ni jambo la kuchekesha kuzungumza na mtoto asiyeweza kujibu. Mweru inatoa sura tofauti kidogo: mtoto asiyeweza kusema tayari ni bibi wa mtu, na hushughulikiwa kwa heshima inayomstahili bibi.

Lugha yenyewe inashuhudia. Kwa Kibemba mayo ni mama, na mama ni bibi. Dada mdogo wa mama huitwa mayo pia. Mtoto anayejifunza kusema hujifunza kwamba mayo ni zaidi ya mmoja. Na methali inayojulikana kote kaskazini ya Zambia, mayo mpapa, naine nkakupapa, yaani mama nibebe nami nitakubeba, inaiweka safari ya kuitikiana mgongoni, si usoni. Hutumiwa mara nyingi kuwakumbusha watu wazima wajibu wao kwa wazee, na matumizi hayo yameifunika maana yake ya kwanza: anayeomba ni mtoto, na ndiye anayeahidi.

Mgongoni mama haoni uso wa mtoto. Husikia pumzi, joto, kukakamaa kunakotangulia mkojo, kulegea kunakotangulia usingizi. Mtoto naye husikia mapigo ya mchi, hatua, mtetemo wa sauti kifuani. Mlezi akipatwa na hofu, mtoto huijua kabla uso haujaionyesha. Kwa sababu hiyo mgongo hauwezi kuigiza utulivu kwa urahisi kama uso.

7.0 Vita ya upande wa pili

Mapema mwezi Desemba 2000 mji wa Pweto, ulio kaskazini ya Ziwa Mweru upande wa Kongo, ulitekwa na waasi wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. Wanajeshi wa serikali na raia wengi walivukia Zambia. Kambi za Mwange, huko Mporokoso, na Kala, huko Kawambwa, zilikuwa zimekwisha kufunguliwa kwa waliotangulia, na zilidumu karibu muongo mzima. Kuanzia mwaka 2017 mapigano ya Katanga ya zamani, yakiwemo yale kati ya Watwa na Waluba, yaliwasukuma maelfu wengine hadi kituo cha Kenani katika wilaya ya Nchelenge, na mwaka 2018 serikali ya Zambia ikafungua makazi ya Mantapala katika wilaya hiyohiyo. Zaidi ya nusu ya waliofika walikuwa watoto. Mantapala ilipangwa iwe mahali ambapo wakimbizi na wenyeji watatumia pamoja shule na zahanati, na wakimbizi wagawiwe ardhi ya kulima.

Waliofika walizungumza Kiswahili, Kibemba na lugha nyingine, na wengi walikuwa na ndugu upande huu. Mpaka ulichorwa katikati ya maji yaliyokuwa yakiunganisha. Wilaya iliyowapokea haikuwa na ziada. Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makali zaidi ya malaria nchini, na ndiyo sababu watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na washirika wao wamefanya kazi huko kwa miaka mingi. Udumavu wa watoto katika Mkoa wa Luapula uko miongoni mwa viwango vya juu nchini, katika nchi ambayo mwaka 2018 asilimia 35 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Katika mazingira kama hayo mashirika huja na maarifa yaliyotokana, kwa njia ndefu, na Ainsworth na Tronick: mtazame mtoto, zungumza naye, jibu sauti yake, cheza naye. Maarifa hayo ni mema, na sehemu yake ilizaliwa Afrika. Tatizo limo katika anayelengwa. Orodha ya wakimbizi huhesabu kaya. Mgawo hutolewa kwa kaya. Mafunzo ya malezi humwita mama. Bibi aliyevuka ziwa na kundi jingine anaweza kuandikwa katika kaya nyingine, sehemu nyingine ya makazi. Mama mdogo anaweza kubaki Pweto. Mama anayefundishwa kuuitika uso wa mwanawe huenda ndiye huyohuyo anayekata miti ya kujengea, anayepanga foleni ya maji, na anayelala chini ya chandarua kimoja na watoto watatu wenye homa. Uso wake usipoitika, si kwa kukosa mafunzo.

Historia ya mwambao inatoa maswali ya kuuliza wakati wa kuandikisha, ambayo hayahitaji fedha nyingi: nani mwingine alikuwa akimbeba mtoto huyu? Yuko wapi sasa? Mtoto ana jina la nani, na mwenye jina hilo ana ndugu gani upande huu wa ziwa? Katika koo za Luapula, mtu wa mukowa mmoja ni ndugu hata asipowahi kuonekana, na mgeni anayetaja mukowa wake anaweza kuwapata wajomba mahali asipojua mtu. Mwanamke wa Mantapala na bibi wa Kashikishi wanaweza kugundua, kwa maneno machache ya Kibemba na machache ya Kiswahili, kwamba mtoto aliye mgongoni ni wao wote wawili. Ugunduzi huo hutokea sokoni na kanisani bila msaada wa fomu yoyote. Fomu ya kaya iliyopo sasa haina sehemu ya kuuandika.